Mzigo Umekamatwa, Mwenye Mzigo Yuko Wapi?

Mhadhara kwa wanafunzi wa uwakala wa forodha na wa sheria, Dar es Salaam

Mwenyekiti, walimu wenzangu, vijana wa forodha, na ninyi wa sheria mliokuja kutuvamia jioni hii, karibuni na ahsanteni. Nimepewa dakika 45. Mwenyekiti amekwisha kunionyesha saa yake mara mbili na bado sijafungua mdomo.

Nimekuja na kitu mfukoni. Walio nyuma hamkioni vizuri: ni kijiti cha chuma, urefu wake kama kidole cha kati, kichwani kimevishwa plastiki ya njano, na kwenye plastiki kuna namba. Serikali inakiita lakiri. Bandarini ukisema lakiri watakuuliza umetoka wapi. Sote tunasema sili. Inapachikwa kwenye komeo la mlango wa kontena, inabanwa, na ikishabana haitoki mpaka ikatwe kwa mkasi mkubwa wa chuma. Hii hapa imekatwa, mnaona shina lake lilivyo. Namba yake inaishia na 417. Naiweka mezani, tutairudia.

Tuanze na dagaa.

Mtaani tuna lawama moja ya siku nyingi, kwamba serikali inakamata dagaa huku mapapa wanaogelea. Agosti 2011, bandarini Zanzibar, lawama hiyo ikawa kweli neno kwa neno. Ilikamatwa shehena ya dagaa. Dagaa wakavu, hawahawa tunaowajua, wenye harufu ya kumfukuza mtu ghalani. Walikuwa safarini kwenda Malaysia, na katikati yao mlikuwa na meno ya tembo 1,041. Piga hesabu ya haraka, kila tembo meno mawili: hao ni tembo zaidi ya 500 waliozikwa ndani ya dagaa.

Ndugu zetu wa Unguja na Mombasa husema pembe za ndovu. Sisi wa bara tunasema meno, na kwa mara moja tumewashinda wenye lugha yao, maana lile ni jino kweli, limeota kwenye taya. Mwenye pembe ni kifaru. (Kicheko.)

Aliyechagua dagaa alikuwa anaijua kazi. Alijua jua la bandarini lilivyo, alijua ofisa hajala tangu asubuhi, na kwamba hakuna anayetamani kuzamisha mkono hadi kwapani kwenye dagaa kisha aende nao nyumbani kwa mkewe. Mapema Novemba 2013, hapahapa Mikocheni, nyumba moja ilikutwa na meno 706. Huko vifunikio vilikuwa vitunguu saumu na makombe ya konokono. Mei 2015 Singapore walifungua makontena kutoka Mombasa yaliyoandikwa majani ya chai, wakatoa vipande 1,783. Saumu inanuka, dagaa wananuka, na chai ya Kenya inasafirishwa kila siku ya Mungu hata hakuna anayeitazama mara mbili.

Hali ilikuwa imefika pabaya. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu tembo 109,051 Tanzania. Ya 2014 ikakuta 43,330. Miaka mitano. Sitawapigia hotuba juu ya tembo, wapo wanaoijua vizuri kuliko mimi. Mimi nimekaa bandarini miaka 22, ninachokijua ni makaratasi, na swali langu la jioni hii ni la makaratasi: wale dagaa walikuwa wa nani?

Maana dagaa hawasafiri wenyewe. Ili shehena itoke Zanzibar ifike Malaysia lazima kuwe na kampuni iliyosajiliwa, yenye anwani na namba ya mlipakodi. Lazima kuwe na ankara. Lazima mtu ajaze tamko la forodha, na mtu huyo ana leseni, ni wakala, yaani ninyi miezi sita ijayo. Lazima wakala wa meli atoe hati ya shehena. Lazima kuwe na mpokeaji upande wa pili, na benki iliyopitisha hela. Kabla meno hayajagusa maji, yameshapita kwenye mikono sita au saba, na kila mkono umeweka saini. Mtu anayeitwa mhalifu wa kimataifa, ukimvua miwani ya sinema, ni mtu anayejua kupanga saini.

Hati ya shehena wanafunzi wa sheria hamuifahamu vizuri, nitawaeleza kidogo. Ni karatasi inayosema mzigo fulani umepakiwa melini, na aliyeishika hati halisi ndiye mwenye haki ya kuupokea. Ni kama tiketi ya kanzu kwa fundi nguo: anayekuja na tiketi ndiye anayepewa kanzu, fundi haulizi ulipimwa wewe au kaka yako. Sasa utamu upo hapa. Mzigo ukifika bandari ya katikati, pale unaposhushwa ili upakiwe meli nyingine, hati inaweza kubadilishwa kihalali kabisa. Wafanyabiashara waaminifu hufanya hivyo kila wiki, mzigo ukiuzwa ungali baharini. Mhalifu naye hufanya hivyohivyo. Kontena limetoka hapa likiwa na jina la kampuni ya Kariakoo, limefika Malaysia, limevuliwa karatasi, limevishwa nyingine. Linapoingia Vietnam au Hong Kong linaonekana limezaliwa Malaysia. Ofisa wa kule ana orodha ya nchi za kutilia shaka mizigo yake, Tanzania imo, Kenya imo. Malaysia haimo. Analipitisha.

Na kama huko mwisho likikamatwa, je? Mpokeaji aliyeandikwa kwenye hati ni kampuni isiyo na ofisi. Msafirishaji ni kampuni iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha kijana wa bodaboda aliyelipwa pesa ya pango. Magazeti yanapiga picha meno yaliyopangwa sakafuni, ofisa mwenye glovu anainua moja. Mzigo upo. Mwenyewe hayupo.

Nitawapa kesi moja ya Mombasa. Juni 2014 polisi waliingia kwenye yadi ya magari, wakakuta meno yenye uzito wa zaidi ya tani mbili. Mfanyabiashara mmoja akatafutwa, Interpol ikaingia, akakamatwa hapa Dar es Salaam Desemba ya mwaka huohuo na kurudishwa Kenya. Julai 2016 akahukumiwa miaka 20 na faini ya shilingi milioni 20 za Kenya. Dunia nzima ikashangilia. Agosti 2018 Mahakama Kuu ikatengua hukumu, akaachiwa. Simtaji jina: mahakama imemwachia, na mimi si mahakama ya rufaa. Ninachosema ni kwamba yako meno tani mbili na zaidi ambayo kisheria ni yatima.

Wanasheria, kesi za namna hii hufia wapi? Nyingi hufia kwenye daftari. Ofisa aliyekamata anamkabidhi mtunza ghala, mtunza ghala anamkabidhi mpimaji, mpimaji anarudisha. Kila makabidhiano yanatakiwa kuandikwa: saa, tarehe, idadi, uzito, nani katoa, nani kapokea. Ikikosekana hatua moja, wakili wa utetezi anasimama na kuuliza swali dogo tu, kwa adabu kabisa: shahidi, unaithibitishiaje mahakama kwamba jino hili ndilo lilelile? Shahidi anakohoa. Hapo hakimu hana la kufanya, na wala hajahongwa. Nasema hivi kwa sababu kila mtuhumiwa akiachiwa watu husema hakimu kala. Mara nyingine kweli kala. Mara nyingi zaidi kuna koplo aliyesahau kuandika tarehe.

Linganisha na kesi ya mahakama ya Kisutu, hapa Dar es Salaam. Februari 2019 Yang Feng Glan, mama wa Kichina ambaye magazeti yalimwita malkia wa meno ya tembo, alihukumiwa miaka 15 pamoja na Watanzania wawili. Huyu mama alifika nchini 1975 akiwa mkalimani wa mradi wa reli ya TAZARA. Alikaa, akafungua mgahawa mjini, akaijua nchi, akazungumza Kiswahili chetu. Mashtaka yake hayakuhusu gunia moja lililokutwa chini ya kitanda. Yalihusu vipande 860 vilivyopita kati ya mwaka 2000 na 2014. Mnaona tofauti? Kule Mombasa walikuwa na mzigo wakaanza kumtafuta mtu. Kisutu walimshika mtu, wakaifuata miaka yake.

Kuna kazi moja ya maabara ninayoipenda kuliko operesheni yoyote, mniruhusu niikalie kidogo. Yupo mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Washington, Samuel Wasser. Yeye na wenzake walikusanya kinyesi cha tembo karibu Afrika nzima, wakachukua vinasaba vyake, wakachora ramani: tembo wa sehemu hii wana vinasaba vya namna hii, wa kule wana vya kule. Ukimletea jino lililokamatwa Asia anakata kipande kidogo, anasoma, anakwambia tembo huyu alikuwa anakaa wapi. Kazi yao ya 2015 ilituonyesha kidole: sehemu kubwa ya meno ya tembo wa savana yaliyokamatwa kwa wingi ilitoka eneo moja, kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, kwenye hifadhi za Selous na Niassa. Hiyo ilikuwa aibu, lakini ilikuwa aibu yenye anwani.

Kilichonifurahisha zaidi kilikuja 2018. Walipokuwa wanapima makontena mbalimbali waligundua kuwa ndani ya kontena moja meno mengi hayana pacha wake. Kuna la kulia, la kushoto halimo. Ajabu, maana tembo akiuawa yanang'olewa yote mawili siku hiyohiyo. Wakaanza kutafuta mapacha kwenye makontena mengine, na wakayapata. Jino la kulia lilikamatwa kwenye mzigo mmoja, la kushoto kwenye mwingine, na mara nyingi mizigo yote miwili ilikuwa imepakiwa bandari ileile kwa muda wa kukaribiana. Maana yake ni nini? Ni kwamba palikuwa na ghala moja, na mtu mmoja anayechambua, hili weka huku, lile weka kule. Waliounganisha hivyo walipata mitandao mikubwa mitatu ya miaka ya 2011 hadi 2014: mmoja Mombasa, mmoja Entebbe, mmoja Lomé, Togo. Mizigo ambayo kila nchi iliiona kesi ndogo ya peke yake ikawa ya mtu mmoja. Kwa hiyo kijana, siku utakapoambiwa meno haya yachomwe upesi, uliza kwanza kama kuna aliyechukua sampuli. Moshi hausomeki.

Hilo linanikumbusha meli. Mwaka 2014 ulikuwa mwaka wa unga kwenye pwani yetu. Aprili, manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilisimamisha jahazi mashariki ya Mombasa, ikakuta kilo 1,032 za heroini ndani ya magunia 46, zimechanganywa na mifuko ya saruji. Julai, Mombasa kwenyewe, ikakamatwa meli yenye heroini zaidi ya kilo 300 ndani ya tangi la dizeli. Agosti 29 serikali ya Kenya ikaivuta meli hiyo hadi bahari ya mbali na kuilipua, Rais Uhuru Kenyatta akishuhudia. Ilikuwa picha nzuri. Mimi niliitazama kwenye televisheni nikajisemea: jamani, hiyo meli ni shahidi! Mahali ilikopita, nani aliihudumia, nani alilipia mafuta, nani alichomelea lile tangi. Shahidi kalipuliwa mchana kweupe na tumepiga makofi. Pengine walikuwa wamekwisha kumhoji vya kutosha. Mimi ni mtu wa makaratasi, naweza kuwa nakosea.

Unga huu unatoka Afghanistan. Unashuka Makran, pwani ya Iran na Pakistani, unapakiwa majahazi, unafuata upepo uleule wa kaskazi uliowaleta babu zetu wa upande huo na tende zao. Wanaoshughulika nao wanaiita njia ya kusini. Jahazi halifiki bandarini. Linasimama nje, boti ndogo za fiberi zinaenda kupokea usiku, na mwambao wetu una vijiji vya uvuvi visivyohesabika ambavyo polisi hawana hata baiskeli ya kuvifikia. Sehemu inabaki, hao ndio mateja wetu wa vijiweni, na sehemu kubwa inaendelea kwa barabara kwenda kusini au kwa ndege kwenda Ulaya.

Swali la wanasheria: lile jahazi lililosimamishwa na Waaustralia, mabaharia wake walishtakiwa wapi? Kwa miaka mingi desturi ya manowari hizi za kimataifa ilikuwa unga unamwagwa baharini na mabaharia wanaachiwa waende zao. Ukisikia mara ya kwanza unadhani ni utani. Sababu iko kwenye sheria ya bahari ya mwaka 1982. Kifungu cha 110 kinataja meli zinazoweza kupandwa na manowari ya nchi nyingine kwenye bahari kuu: maharamia, wenye kusafirisha watumwa, meli isiyo na utaifa, na hata, sikilizeni, meli inayorusha matangazo ya redio bila kibali. Redio! Dawa za kulevya hazimo. Kwa dawa, sheria inasema nchi zishirikiane, na mkataba wa Vienna wa 1988 unataka uombe ruhusa kwa nchi ambayo bendera yake inapepea. Jahazi lisilo na bendera unaweza kulipanda, ila kulipanda si kushtaki. Utamfikisha mtu mahakama ya nani kama sheria ya nchi hiyo haisemi kwamba kosa la nje ya maji yake ni kosa lake? Maharamia wa Kisomali walishtakiwa Mombasa kwa sababu uharamia ni kosa la kila nchi. Unga hauna heshima hiyo.

Kwa hiyo baharini tunapata mzigo bila mwenyewe kwa mujibu wa sheria, na nchi kavu tunapata mzigo bila mwenyewe kwa uzembe.

Ndugu wa Akasha, wauza unga wa Mombasa, walipatikana kwa njia nyingine kabisa. Wamarekani hawakuusubiri mzigo. Walimtengenezea mwenye mzigo mteja. Watu wao walijifanya wanawakilisha Wakolombia wanaotafuta heroini, mazungumzo yakaenda miezi, yakarekodiwa, na mwisho zikakabidhiwa kilo 99 za heroini na kilo mbili za methamphetamini mjini Nairobi. Novemba 2014 Baktash Akasha na mdogo wake Ibrahim wakakamatwa Mombasa, pamoja na wenzao wawili, Mhindi na Mpakistani. Kisha ikaja zaidi ya miaka miwili ya kesi ya kuwakabidhi Marekani: leo imeahirishwa, kesho hakimu anaumwa, keshokutwa faili halionekani. Mwishoni mwa Januari 2017 wakapandishwa ndege. Oktoba 2018, New York, wakakiri makosa, na kati ya waliyokiri ni kuwahonga maafisa nchini Kenya ili wasikabidhiwe. Baktash alipewa miaka 25 mwaka 2019, Ibrahim 23 mwaka uliofuata.

Baada yao akaja Moazu Kromah, raia wa Liberia aliyekaa Kampala, aliyekuwa anapitisha pembe za faru na meno ya tembo, mengine yakiwa yamefichwa ndani ya vinyago. Naye alikamatwa Uganda 2017, akapelekwa New York 2019, akakiri, akahukumiwa huko 2022. Sijui ninyi mnajisikiaje. Mimi nafurahi nusu. Mtu wa Mombasa anauza unga Nairobi, mtu wa Kampala anauza tembo wetu, na jaji anayewafunga amekaa Manhattan. Kilichoshindikana hapa hakikuwa ujasusi, kwa sababu askari wetu wanajua nani anauza nini; muuza kahawa wa mtaani anajua. Kilichoshindikana ni faili kufika mwisho wa safari yake bila kununuliwa.

Na pale tulipotumia nguvu wenyewe, tulizitumia wapi? Oktoba 2013 ilianza Operesheni Tokomeza. Jeshi, polisi, askari wa wanyamapori, wakaingia vijijini kutafuta majangili. Bunge lilipochunguza lilipata habari za watu kupigwa na kuuawa, wanawake kudhalilishwa, ng'ombe kupotea. Operesheni ikasimamishwa mapema Novemba, na Desemba mawaziri wanne wakaondoka. Sasa rudini kwenye tarehe niliyowatajia mwanzo. Meno 706 ya Mikocheni, yenye saumu juu yake, yalikamatwa lini? Mapema Novemba 2013. Siku zilezile ambazo mchungaji wa ng'ombe alikuwa bado anauguza mgongo, ghala lilikuwa mjini, karibu na baa, kwenye nyumba ya kupanga yenye geti.

Hela nitazipitia haraka, somo lake mnalo muhula ujao. Oktoba 2022 kikosi cha kimataifa kinachosimamia mambo ya fedha haramu, FATF, kilituweka kwenye orodha ya kijivu, yaani nchi ambazo udhibiti wake una matundu. Tulitoka Juni 2025. Kenya iliingia Februari 2024. Wanaohisi kijivu ni wafanyabiashara wa kawaida: benki ya nje inakuuliza maswali 20 kwa malipo ya vitenge. Mwenye unga haulizwi, hapiti huko, ananunua viwanja.

Palermo, mji wa Italia, lazima niitaje, maana mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya uhalifu wa kupangwa unaovuka mipaka ulitiwa saini mji huo, Desemba 2000. Hawakuuchagua kwa sababu ya ufukwe. Pale ndipo alipofanya kazi hakimu Giovanni Falcone, ambaye miaka ya 1980 alifanya jambo ambalo wenzake waliliona la kikarani: aliziomba benki zimpe rekodi za kubadilisha fedha na nakala za hundi, akakaa nazo usiku. Aliacha kuuliza nani alifyatua risasi, akauliza hundi hii ilipitia kwa nani. Kesi kubwa ya Mafia iliyotokana na kazi hiyo ilimalizika Desemba 1987 na mamia wakatiwa hatiani. Mei 23, 1992, Mafia walimlipua barabarani Capaci, yeye na mkewe na walinzi watatu. Mkataba wenyewe unasema kundi la uhalifu ni watu watatu au zaidi waliojipanga kwa muda kutenda kosa kubwa, na kosa kubwa ni la kifungo cha miaka minne kwenda juu. Watatu tu. Safu hii ya mbele mnatosha makundi mawili. (Kicheko.) Tanzania iliuridhia 2006. Nasi tuna wa kwetu wa kukumbuka: Wayne Lotter, aliyekuwa akifadhili na kusaidia upelelezi wa majangili wakubwa, alipigwa risasi hapa Dar es Salaam Agosti 16, 2017, akitoka uwanja wa ndege.

Nisiwakatishe tamaa. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamphetamini, Dar es Salaam na Iringa. Ni kazi kubwa, nawavulia kofia. Nasubiri hukumu.

Mwenyekiti anasema muda umeisha, ila swali moja linaruhusiwa. Ndiyo, binti, wewe mwenye mtandio wa bluu.

Anauliza: mwalimu, je, bosi wangu akiniambia nisaini kitu ninachokitilia shaka?

Ahsante, mwanangu. Kwanza, usiulize kwa mdomo. Andika barua pepe ya mistari miwili: namba kwenye hati ni hii, namba kwenye mlango ni hii, naomba maelekezo. Jitumie nakala. Bosi mwizi huchukia sana mistari miwili.

Na sasa nipe hiyo sili. Mwaka 1999 nilikuwa karani kwenye kampuni moja ya uwakala, sitaitaja. Nilitumwa kuhakiki kontena la kwenda nje, limeandikwa mbao. Limeshakaguliwa, limeshafungwa, nilitakiwa nilinganishe namba ya sili na ya kwenye karatasi, basi. Karatasi ilisema inaishia 417. Mlangoni ikaishia 471. Nikadhani mpiga chapa kageuza tarakimu, hutokea. Nikashuka ngazi, na pale chini, kwenye vumbi, karibu na tairi la trela, nikaiona hii. Njano. Imekatwa. Nikaigeuza, 417.

Nikampigia bosi simu ya ofisini. Akasema meli inafunga saa kumi, mteja ni wa siku nyingi, saini. Nilikuwa na mke mjamzito na kazi ya miezi minne. Nikaitia sili mfukoni, nikaweka karatasi kwenye boneti la trela, nikasaini. Mbao zile sikuwahi kujua zilikuwa mbao gani.